Kurudi wodini baada ya miaka 12 nyumbani

Siku yangu ya kwanza kurudi wodini kama muuguzi aliletwa mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali. Nikaikimbilia drip. Chupa ya dextrose, yaani maji ya sukari, tayari mkononi, kichwani napiga hesabu ya kwinini kama tulivyofundishwa. Binti wa zamu, ambaye ningeweza kumzaa, alikuwa na kichupa kidogo cha unga mweupe kiganjani.

"Mama, kwinini tuliiacha zamani. Siku hizi ni artesunate."

Akatia bicarbonate mililita 1, akakizungusha kichupa taratibu mpaka dawa ikawa angavu, akaongeza saline (maji ya chumvi) mililita 5, akavuta dozi kwa uzito wa mtoto, akachoma kwenye mshipa. Nyingine baada ya saa 12, nyingine saa ya 24, kisha mara moja kwa siku hadi mtoto aweze kumeza. Mimi bado nimeikumbatia dextrose yangu. Haikwenda bure, kwa sababu nilimwomba apime sukari, na ilikuwa imeshuka. Malaria kali hushusha sukari ya mtoto leo kama ilivyoishusha mwaka 2009 nilipoacha kazi.

Hivyo ndivyo nilivyojipanga tangu siku ile, na nakushauri nawe ufanye hivyo: chukua daftari, ukurasa mmoja andika yale ambayo mwili wa mgonjwa haujayabadilisha, mwingine andika dawa, dozi na miongozo. Ukurasa wa kwanza uuamini. Wa pili usiuamini hata mstari mmoja mpaka uuhakiki.

Lakini kabla ya daftari kuna leseni. Wengi wetu tunachanganya cheti cha usajili na leseni. Cheti kile ulichokifungia kabatini kinaonyesha kwamba jina lako liliingia kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Hakikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa leo. Leseni huisha muda na huhuishwa, na kuihuisha kunadai uthibitisho wa mafunzo ya kujiendeleza. Wasiliana na Baraza kwanza, uwaeleze wazi miaka uliyokaa nje, wao ndio wakuambie unatakiwa kutimiza nini. Mimi nilianza kinyume, nikatembeza barua za kazi miezi miwili. Kila mlango swali lilikuwa moja: "Leseni yako iko hai?" Kagua pia majina. Kama cheti cha chuo kina jina la baba na kitambulisho cha taifa kina la mume, nenda ukaape kwa wakili mapema.

Kusoma, usianze na madaftari ya chuo. Tafuta Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, toleo jipya kuliko yote utakalolipata. Mimi nilisoma kwa kufuata kadi ya kliniki ya mwanangu wa mwisho, maana kila mstari nisioutambua ulikuwa somo. Nilipoacha kazi, chanjo ya pentavalenti, ile ya magonjwa matano kwa sindano moja, ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2013 zikaingia za nimonia na rota, 2014 surua ikaunganishwa na rubela, 2018 wasichana wakaanza kuchanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwenye VVU tulikuwa tunasubiri CD4, yaani idadi ya seli za kinga, ishuke ndipo tuanzishe dawa. Siku hizi anayekutwa na virusi anaanzishiwa dawa bila kuisubiri. Hata kumzindua aliyesimama moyo kumepinduliwa: kwa mtu mzima, kifua kwanza, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Fanyia mazoezi mto wa kitandani. Watoto watacheka, waache wacheke.

Hesabu za drip zirudie kwa kalamu. Lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Nunua saa yenye mshale wa sekunde uyahesabu. Simu mfukoni inakusaidia kwa kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu mikono yako ina glavu.

Halafu omba kujitolea. Najua inauma, mtu mzima mwenye stashahada kufanya kazi bila mshahara, na nauli ni yako. Ila weka kikomo kwa maandishi: mimi niliandika miezi mitatu, siku nne kwa wiki, nianzie kliniki ya mama na mtoto kabla ya wodi. Barua nikampelekea mganga mfawidhi, nakala kwa muuguzi mfawidhi. Kabla hujagusa sindano, hakikisha umechanjwa homa ya ini B. Ni dozi tatu, na ya mwisho huja miezi sita baada ya ya kwanza, kwa hiyo anza hata leseni haijatoka. Uulize pia dawa za kinga baada ya kujichoma zinatolewa chumba gani usiku. Zina mwisho wa saa 72, na hutaki kuanza kutafuta funguo saa tisa usiku.

Kwenye wasifu wako usiiache mitupu miaka ile. Mimi niliandika: "2009–2021, malezi, na kumuuguza nyumbani mgonjwa wa kiharusi: kumgeuza kila saa mbili, kumlisha kwa mrija, kufuatilia presha." Kwenye usaili mzee mmoja akauliza kama hayo nayo ni kazi. Nikamjibu kwamba mama mkwe alilala kitandani miaka minne na hakutoka kidonda hata kimoja. Akaandika kitu, sikukiona. Kama unalenga serikalini, angalia umri: matangazo mengi hukomea miaka 45. Nilikuwa na 41, kwa hiyo sikuwa na muda wa kujishauri.

Zamu ya usiku niliijaribu nyumbani kabla ya kuianza. Wiki moja nililala mchana, baba watoto akashika chakula cha jioni na madaftari ya shule. Siku ya pili waliunguza wali. Ya nne wakanunua chapati. Ya sita sikuamshwa na mtu, na nilipotoka chumbani saa kumi jioni sare yangu ilikuwa imepigwa pasi, mkunjo wa mkono umeenda upande.