Kabla ya Macheo ya Paje: Ya Kuamua Usiku, Kamera Ikiwa Bado Mkobani

Pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Bwejuu kupita Paje hadi Jambiani, inatazamana na Bahari ya Hindi uso kwa uso. Hakuna mlima wala kisiwa cha kulikinga jua. Lakini hapa tupo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na jua hupanda karibu wima. Giza likishapungua kiasi cha kuona unapokanyaga, zimebaki kama dakika 20 jua litokeze, na likianza kutokeza linatoka zima kwa dakika 2 na kidogo. Chochote utakachokuwa unakitafuta ndani ya muda huo, iwe mahali pa kusimama, filta au mpangilio wa kamera, kitakugharimu picha.

La kwanza kulipanga ni maji, kabla hata ya jua. Wakati wa bamvu (maji makubwa) tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na wakati wa maji mafu (maji madogo) hushuka hadi kama mita 1. Ufukwe huu ni bapa, kwa hiyo mita hizo chache zinatosha kuacha wazi eneo kubwa sana kati ya mchanga na mwamba wa matumbawe ulio mbele baharini. Siku za bamvu, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka au kufa, maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na kupwa mnamo saa 4 asubuhi. Jua linapochomoza, maji ndiyo kwanza yanaanza kutoka: ngalawa zinaelea na mashamba ya mwani yamefunikwa. Ukitaka mchanga wenye mikunjo ya mawimbi na vidimbwi vinavyoakisi anga, tafuta siku ambayo maji yanakupwa karibu na saa 12 asubuhi. Mara nyingi huwa ni siku tatu au nne kabla ya mwezi kupevuka au kufa. Saa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, basi hakikisha kwenye jedwali la maji la bandari ya Zanzibar la tarehe yako. Na siku hizo za kupwa alfajiri, kumbuka kwamba baada ya jua kutoka maji yanarudi, na hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Amua mapema saa ya kugeuka.

Mahali pa jua nako hubadilika. Mwishoni mwa Juni huchomoza kwenye nyuzi 66 za dira, mwishoni mwa Desemba kwenye nyuzi 114. Ngalawa iliyokaa sawa na jua Juni itakuwa pembeni kabisa mwa fremu Desemba. Nenda jioni ya jana yake na dira, simama, chagua kitu cha mbele, weka alama utakayoiona kwa tochi. Jioni hiyohiyo tazama vigingi na kamba za mwani viko wapi, maana gizani ni rahisi kuvikanyaga, na hicho ni chakula cha watu. Ukitaka kuwaweka wakulima wenyewe kwenye picha, omba ruhusa kwanza, kwa salamu na kwa maneno, kamera ikiwa imeshushwa. Asiyetaka asipigwe, hata kwa mbali.

Kuhusu anga, usiku wa nyota tupu hauahidi mengi. Rangi kali huja pale mawingu mepesi ya juu yanapotanda sehemu ya anga huku upeo wa bahari ukiwa wazi, ili mwanga uyapige kutoka chini. Ukuta wa wingu zito juu ya upeo huizima rangi yote. Miezi ya kusi upepo hutoka baharini kuja kwako, ukibeba matone ya chumvi: beba vitambaa vitatu au vinne vya kufutia lenzi, kimoja kikiwa na unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ikifutwa kavu hukwaruza.

Kosa linaloharibu asubuhi nyingi hapa huanzia chumbani. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi ikitolewa nje kwenye joto lenye unyevu, lenzi hujaa ukungu, na kufuta hakusaidii kwa sababu kioo bado ni baridi. Iache usiku kucha mahali pasipo kiyoyozi, au ifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa na uitoe nje angalau nusu saa kabla, mfuko ukiwa bado umefungwa. Lenzi ifungwe humo chumbani pia. Ufukweni usibadilishe.

Miguu ya tripodi ikandamize mchangani kiasi cha sentimita 10, kisha usubiri mawimbi mawili yapite kabla ya kupanga fremu. Wimbi linaloondoka huchota mchanga chini ya miguu na upeo huinama bila wewe kujua. Vaa viatu vya mpira, kwenye mwamba kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi.

Mipangilio iwekwe kabla ya kutoka: faili za RAW (data ghafi ya kamera), ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi la f/11, mizania ya nyeupe (inayoamua rangi ya mwanga) ifungwe kwenye Kelvini 5500. Ukiiacha ijiamulie, kamera huona wekundu wa alfajiri kama kasoro na kuupunguza. Fokasi iwe ya mkono. Kwa lenzi ya mm 20 kwenye kamera ya sensa kamili (full frame; sensa ni kipande kinachopokea mwanga), ukilenga kitu kilicho mita 2 mbele yako, kila kitu kuanzia chini ya mita 1 hadi upeo kitakuwa kikali. Ukifika f/22, tundu likiwa dogo zaidi, ukali hupungua, na kila punje ya vumbi kwenye sensa huonekana angani.

Tofauti ya mwanga kati ya anga na mchanga ni kubwa, basi panga kamera ipige picha tatu mfululizo, zikipishana stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu). Mistari ya maji yanayorudi hutoka vizuri kwa nusu sekunde hadi sekunde 2, ukibonyeza wimbi linapoanza kuondoka. Ila ngalawa inayoelea haitulii: ipigie picha ya pili ya 1/125, hata kwa kupandisha ISO hadi 800. Histogramu (grafu inayoonyesha mwanga wa picha ulivyogawanyika) itazamwe kwa rangi zote tatu, nyekundu, kijani na bluu. Nyekundu huungua, yaani hujaa mwanga hadi kupoteza maelezo, kabla ya nyingine, na grafu ya mwangaza pekee haikuambii.

Usafishaji wa picha nao upangwe kabla, kwa sababu ndio unaokuambia upige nini. Katika programu ya kuhariri picha kama darktable, ambayo ni ya bure, au Lightroom, anza kwa kunyoosha upeo na kurekebisha lenzi, kisha shusha maeneo angavu ndipo uinue vivuli. Ukiviinua kupita stopu 2, chembechembe za rangi hutokea. Chukua vivuli kutoka picha angavu ya zile tatu. Ukiziunganisha picha hizo tatu, kagua ukingo wa minazi na matanga: mstari mweupe unaozunguka maana yake umevuta mno. Rangi ya chungwa ongeza kidogo, na usiguse bluu ya vivuli, kwani ndiyo inayoupa wekundu nguvu. Fanya kazi katika biti 16 (zenye hatua nyingi za rangi) mpaka mwisho, la sivyo anga laini hukatika michirizi. Nakala ya mtandaoni itoe kwa sRGB (mfumo wa rangi wa skrini nyingi), pikseli 2048 upande mrefu, uitazame kwenye simu yenye mwangaza wa nusu kabla ya kuituma.