Mwezi unaanguka kila sekunde, jionee kwa soksi na ndimu

Chukua soksi kuukuu, tia ndimu moja ndani, funga na kamba ya kama mita moja hivi, afu toka nje uwanjani kabisa maana mi nilifanyia sebuleni glasi mbili zikaenda. Izungushe juu ya kichwa. Unasikia mkono unavutwa? Basi kamba ndo graviti, yaani mvuto wa dunia, soksi ndo mwezi.

Sasa achia ghafla na uangalie vizuri: soksi hairuki moja kwa moja kutoka kwako kwenda nje kama wengi wanavyodhani, inanyoosha tu kule ilikokuwa inaelekea muda uleule. Mwezi nao unataka kwenda zake hivyohivyo, spidi kama kilomita 1 kwa sekunde, ila dunia inauvuta toka umbali wa kilomita 384,000 hivi, kwa hiyo kila sekunde unaanguka kidogo, milimita 1.4 tu, njia inapinda, dunia yenyewe haufikii ng'o, na siku 27 na kitu raundi imeisha.

Rudia tena polepole sana, soksi itakuangukia kichwani, ndo ujue spidi ina kazi yake. Sayari na jua ni mchezo huohuo.