Jinsi ya Kuanza Uvuvi wa Nzi Bandia na Kuupenda Maisha Yote

Katika uvuvi wa kawaida wa ndoana, uzito wa chubwi au wa chambo ndio unaoupeleka mshipi mbali. Katika uvuvi wa nzi bandia mambo yamegeuka, kwa sababu nzi mwenyewe, aliyefungwa kwa uzi na manyoya juu ya ndoana ndogo, hana uzito wa kumfikisha popote. Kinachotupwa ni mshipi mnene wenye uzito wake, naye nzi huufuata. Mbinu hii si ya jana wala juzi. Mnamo mwaka 200 hivi, mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus alieleza jinsi wavuvi wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kuiongezea manyoya mawili ya jogoo, ili wawahadae samaki waliokuwa wakila wadudu juu ya maji.

Watu huingia katika uvuvi huu kwa milango mingi. Wengine huvutiwa na mshipi unavyojikunjua hewani, wengine huanzishwa na mzazi au rafiki, na wengine huja baada ya kuchoshwa na uvuvi wa aina nyingine. Mlango wenyewe hauna uzito mkubwa. Kwa jinsi ninavyoona, kinachomtofautisha anayebaki na anayeuza vifaa vyake baada ya msimu mmoja ni namna anavyompokea samaki anayekataa. Hapa kukataliwa huonekana kwa macho: samaki hupanda, humsogelea nzi wako mpaka ukadhani amekwisha kummeza, humkagua huku akirudi nyuma pamoja na mkondo, kisha hugeuka na kushuka zake. Anayehesabu samaki tu huona hasara, lakini anayejiuliza kwa nini amekataliwa amejipatia shughuli ya miaka 50. Kwa hiyo ni vyema ujifunze kwa mpangilio utakaokufikisha kwenye swali hilo mapema, ukiwa na uwezo wa kulijibu.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, kwa kuwa vifaa ndivyo vinavyozungumzwa kupita kiasi. Kwa mto wa wastani wenye samaki aina ya trauti, fimbo ya mita 2.7 ya namba 5 inatosha kwa karibu kila kazi. Namba hiyo haihusu urefu, bali inaonyesha uzito wa mshipi unaolingana na fimbo: mita 9.14 za mwanzo za mshipi wa namba 5 huwa na uzito wa takriban gramu 9, na fimbo iliyoundwa kwa uzito huo haitapinda inavyotakiwa ukiifunga mshipi mwepesi zaidi. Fedha ikiwa haba, nunua mshipi mzuri na fimbo ya kawaida, usifanye kinyume chake. Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa samaki wadogo ni mahali pa kuhifadhia mshipi tu. Wajapani wana mtindo uitwao tenkara usiotumia rili kabisa, ambamo mshipi hufungwa moja kwa moja kwenye ncha ya fimbo ndefu, na kwa vijito vidogo sijui njia nyepesi zaidi ya kumwanzishia mtu. Kitu kimoja usikidharau: miwani inayokata mng'aro wa maji. Huyakinga macho dhidi ya ndoana na hukuwezesha kumwona samaki kabla yeye hajakuona.

Kutupa mshipi hufundishwa uwanjani penye nyasi, wala si mtoni. Badala ya ndoana, funga kishungi cha sufu mwishoni mwa uzi mwembamba unaounganisha mshipi na nzi. Anza ncha ya fimbo ikiwa chini na mshipi ukiwa umenyooka mbele yako bila ulegevu wowote. Inua fimbo taratibu, ongeza kasi, kisha isimamishe ghafla inapopita kidogo bega lako. Sasa ngoja. Mshipi unahitaji muda wa kujikunjua nyuma, na muda huo ndio karibu kila anayeanza anaukata, kwa sababu mwili wote unamsukuma arudishe mkono mbele. Geuza kichwa utazame nyuma bila haya. Ukiona kitanzi cha mshipi kinakaribia kunyooka, peleka fimbo mbele na uisimamishe tena ghafla. Kusimama ndiko kunakozaa kitanzi, wala si nguvu. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, umeharakisha. Mshipi ukianguka nyuma yako, umechelewa au umeishusha fimbo mno. Dakika 15 kila siku huzaa zaidi ya alasiri nzima ya Jumamosi moja, maana mkono uliochoka hujifunza makosa. Ukiweza kuufikisha uzi kwenye sahani iliyo umbali wa mita 8 hadi 10, uko tayari. Mitupo mirefu inapendeza kuitazama, ila katika mito midogo samaki wengi huvuliwa karibu kuliko wageni wanavyodhani.

Mara ya kwanza unapofika mtoni, iache fimbo ndani ya mfuko wake. Ingia mahali penye maji mafupi, inua jiwe lenye ukubwa wa kiganja na uligeuze. Katika mto wenye afya utaona wadudu bapa wakikimbilia upande wenye kivuli: hao ni tunutu, yaani wadudu wachanga wasio na mabawa, wa kundi la Ephemeroptera, ambao wengi wao wana mikia mitatu myembamba na vijani vya kupumulia vinavyopepea kando ya tumbo. Huenda utaona pia vijumba vidogo vya changarawe au vijiti vilivyogandamana na jiwe. Ndani yake anaishi buu wa kundi la Trichoptera, aliyejijengea mwenyewe kwa hariri anayoitoa mdomoni. Tunutu wa Ephemeroptera anaweza kuishi majini hadi mwaka na hata zaidi, kisha akapanda juu, akapata mabawa, akaruka, na jambo lisilofanywa na mdudu mwingine yeyote, akajivua ngozi mara nyingine akiwa tayari na mabawa. Baada ya hapo hali chochote, maana hana tena mdomo unaofanya kazi. Hujamiiana, hutaga na hufa, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Samaki humla katika kila hatua ya safari hiyo, na ndiyo maana kisanduku cha mvuvi kina nzi wa kuzama, wa kuning'inia chini kidogo ya uso wa maji, na wa kuelea.

Ukishawaona wadudu, tafuta mahali ambapo maji ya kasi yanagusana na maji ya polepole. Samaki hukaa kwenye utulivu, akiutazama mkondo unaomletea chakula, bila kutumia nguvu nyingi. Hapo ndipo pa kutupa.

Na hapo ndipo utakapokataliwa. Wengi hukimbilia kubadilisha nzi, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka kisanduku kinaisha na samaki yuko palepale. Mimi hufuata utaratibu, nikianza na sababu zinazotokea mara nyingi zaidi.

Sababu ya kwanza ni wewe mwenyewe. Kutokana na jinsi mwanga unavyopinda unapoingia majini, samaki huiona dunia ya juu kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa takriban mara 2.3 ya kina alichomo. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo kinachomwonyesha sehemu ya chini ya mto. Aliye sentimita 50 chini ana dirisha la karibu sentimita 115. Kwa kuwa vitu vilivyo chini sana karibu na usawa wa maji hufinywa pembezoni mwa dirisha hilo, mvuvi anayeinama au kupiga magoti hufichika, ilhali anayesimama wima ukingoni huonekana vizuri. Mwendee samaki kutoka nyuma, yaani kutoka upande wa chini wa mto, na uangalie kivuli chako kinapoangukia. Fahamu pia kwamba samaki aliye karibu sana na uso wa maji ana dirisha dogo, hivyo nzi anayepita sentimita 40 kando yake huenda asionekane kabisa. Huyo hajamkataa nzi wako; hajamwona.

Sababu ya pili ni kuburutwa. Mshipi umelala juu ya maji ya kasi katikati ya mto, nzi yuko kwenye maji ya polepole ng'ambo, na baada ya sekunde mbili mshipi unamvuta, akiacha nyuma yake mkwaruzo mdogo wenye umbo la V. Mdudu halisi hasafiri hivyo. Dawa yake ni kuinua sehemu ya mshipi mara tu unapotua na kuigeuzia upande wa juu wa mkondo, au kutupa mshipi ukiwa na ulegevu kidogo. Lakini dawa bora kuliko hizo, ambayo watu huisahau kwa uvivu wa miguu, ni kusogea hatua tatu na kusimama mahali ambapo mikondo hiyo miwili haipo kati yako na samaki.

Tatu ni ukubwa wa nzi. Katika ndoana, namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyopungua. Ukikataliwa na namba 14, jaribu 16 au 18 ya umbo lilelile. Nne ni hatua ya mdudu. Tazama vizuri: samaki anapochukua kitu juu ya uso wa maji, mara nyingi huacha povu moja dogo; ukiona mgongo na mkia tu, bila mdomo wala povu, anakula tunutu chini kidogo ya uso, na nzi wako anayeelea hatapata mteja. Tano ni uzi. Nyuzi za mwisho hupimwa kwa namba zenye herufi X, na kanuni ya kukumbuka ni kugawanya namba ya ndoana kwa 3: ndoana namba 16 huendana na uzi wa 5X, wenye unene wa karibu milimita 0.15. Rangi ya nzi naiweka mwisho kabisa, ingawa maduka yangependa uianze hiyo.

Badilisha jambo moja tu kila mara, kisha mpumzishe samaki dakika chache kabla ya kutupa tena. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na samaki akala, utakuwa umepata samaki na kupoteza jibu.

Anapokula, inua fimbo kwa utulivu. Ndoana iwe imebanwa kijino chake, ili ichomoke kwa urahisi. Ikiwa unamrudisha samaki majini, lowesha mikono kabla ya kumgusa kwa sababu mikono mikavu humwondolea ute unaoikinga ngozi yake, mwache ndani ya maji unapomtoa ndoana, na umshike akiukabili mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Beba kipimajoto pia. Trauti hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 18 za Selsiasi. Yakizidi 20 oksijeni hupungua, na samaki aliyechoshwa na mapambano anaweza kufa hata baada ya kuachiliwa akiwa mzima. Siku hiyo kusanya vifaa uende nyumbani. Viatu vikauke kabisa kabla ya kuhamia mto mwingine, maana hubeba viumbe vigeni. Kwa sababu hiyo New Zealand ilipiga marufuku soli za manyoya yaliyogandamizwa mwaka 2008.

Baada ya msimu mmoja au miwili, jifunze kufunga nzi wako mwenyewe. Usianze na wale wenye mabawa na rangi saba. Frank Sawyer, mtunzaji wa mto Avon nchini Uingereza, alitengeneza tunutu wake mashuhuri kwa vitu viwili tu, nyuzi za manyoya ya mkia wa fezanti (ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu) na waya mwembamba wa shaba. Waya ndio uzi, ndio uzito na ndio mng'aro. Zungushia waya kwenye ndoana ukivimbisha kidogo sehemu ya kifua, funga nyuzi nne za unyoya huku ncha zake zikitokeza kuwa mkia, zisokote pamoja na waya, uzizungushe hadi mbele, kisha zikunje mbele na nyuma juu ya kifua. Wa kwanza atakuwa mbaya. Samaki hawatajali sana. Mvuvi anayemfunga tunutu baada ya kumwona chini ya jiwe hutupa kwa umakini tofauti na yule aliyemnunua dukani, na hapo ndipo wengi huacha kuita jambo hili burudani ya mwisho wa juma.

Kati ya mwaka wa tatu na wa tano huja kipindi cha kupoa, mikono ikiwa imeshajua na mto wa nyumbani ukiwa umezoeleka. Usikitibu kwa kununua fimbo nyingine. Badilisha maji: aliyezoea mto aende ziwani, ambako hakuna mkondo wa kumletea samaki chakula na samaki mwenyewe ndiye anayezunguka, au aende baharini na fimbo ya namba 8. Weka pia daftari la joto la maji, wadudu walioonekana na namna samaki walivyokataa. Ukurasa wa waliokataa uwe mrefu kuliko wa waliokula. Tena tafuta mwenzako aliyekuzidi umri. Wazee huvua polepole, hutupa mara chache na husimama sana, na kukaa nyuma yao kwa saa moja, ukiuliza baada ya kila mtupo walichokuwa wakikitazama, hufundisha kuliko kozi nyingi.

Na itakapofika zamu yako ya kumwanzisha mtoto au rafiki, mpe kichujio kidogo na jiwe la kugeuza kabla ya kumpa fimbo, chagua kijito chenye samaki wadogo walio wengi, na umwache atupe yeye. Mtu akikataliwa kwa mara ya kwanza, usimwambie sababu upesi. Muulize ameona nini.