Somo: Kuotesha mimea ya majani ya kitropiki kwa mbegu, ndani ya nyumba

Wengi wanaoshindwa kuotesha anthuriamu, monstera au filodendroni hutafuta sababu kwenye udongo, maji au mwanga. Mara nyingi mambo yalishaharibika kabla mbegu haijawafikia: ilikaushwa. Mbegu za jamii hii si kama za mahindi au nyanya, ambazo hukaushwa, zikafungwa, zikasubiri msimu. Zikipoteza unyevu wake zinakufa, hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji maswali mawili: zimechumwa lini, na zimetunzwa kwenye nini? Akijibu kwamba zimo kwenye pakiti kavu tangu mwaka jana, mshukuru na uendelee na safari yako.

Hatua ya 1: Pata mbegu mbichi na uzitunze zikiwa mbichi. Mbegu nzuri ni ngumu ukiibonyeza, imejaa, na haina mikunjo. Ikiwa huwezi kuipanda siku hiyohiyo, ifunge kwenye mosi ya sfagnamu (mmea mdogo laini unaoshika maji kama sifongo) yenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, uiweke mahali pa kawaida chumbani. Usiiweke kwenye friji, kwa sababu baridi huiua. Hata hapo usichelewe: baadhi huanza kutoa mzizi humohumo mfukoni.

Hatua ya 2: Ondoa nyama yote ya tunda. Hapa ndipo ninapoomba mtulie, maana ndipo kazi nyingi huharibikia. Tunda la anthuriamu likiiva huchomoza nje na kulegea. Libonyeze taratibu kati ya vidole, na mbegu itateleza nje ikiwa imezungukwa na ute unaonata. Ute huo ukibaki, kuvu hupata chakula na mbegu huoza kabla ya kuota. Weka mbegu kwenye chujio la chai, mimina maji ya uvuguvugu, sugua kwa ncha za vidole, suuza, rudia. Utajua zimekuwa safi zitakapoacha kunata vidoleni. Vaa glavu, kwa sababu mimea ya jamii hii ina fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha ngozi, na usiguse macho.

Hatua ya 3: Andaa chombo. Chombo chochote cha plastiki kinachopitisha mwanga na chenye kifuniko kinafaa. Kioshe kwa sabuni. Ndani weka makumbi ya nazi yaliyosagwa yakichanganywa na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba), au mosi ya sfagnamu peke yake. Udongo wa bustani uache nje, una vimelea vingi na hushikamana. Lowesha, kisha kamua kwa mkono: yakitoka matone machache tu, unyevu unatosha, maji yakichuruzika, umezidisha.

Hatua ya 4: Panda juu juu. Laza mbegu juu ya mchanganyiko na uikandamize kidogo hadi nusu yake izame. Mbegu ya monstera ni kubwa kama njegere, hivyo inaweza kuzama zaidi, lakini ya anthuriamu usiifukie. Achanisha mbegu ili moja ikioza isiambukize jirani yake.

Hatua ya 5: Joto na mwanga. Lenga nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, usiku na mchana. Chumba kikiwa na baridi, tumia mkeka wa joto chini ya chombo. Mwanga uwe mwingi lakini usiwe jua la moja kwa moja, kwani chombo kilichofunikwa kikipigwa na jua hupika kila kilichomo. Anthuriamu mbichi huweza kutoa mzizi ndani ya wiki moja au mbili. Monstera huchukua wiki kadhaa. Fungua kifuniko kwa dakika chache kila siku ili hewa ibadilike.

Hatua ya 6: Zoesha miche hewa ya kawaida. Mche ukiwa na majani mawili au matatu, acha kifuniko wazi kidogo, siku zinavyokwenda uzidi kukifungua, kwa muda wa wiki moja au mbili. Ukikiondoa ghafla majani hunyauka. Kisha hamishia kila mche kwenye kopo dogo lenye matundu, na mbolea ya maji iwe robo tu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kuna mimea isiyofuata utaratibu huu. Koleasi, ua la majani ya rangi rangi, ina mbegu ndogo mno zinazohitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo usizifunike kwa udongo. Hizo zinaweza kuhifadhiwa kavu. Mbegu za strelizia (ua linalofanana na kichwa cha ndege) zinatakiwa kuvuliwa nyuzi za rangi ya chungwa, zikwaruzwe ganda na kulowekwa siku moja au mbili. Mitende ya mapambo inataka subira ya miezi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mbegu zangu zina manyoya meupe. Nizitupe?

Jibu: Marahaba. Subiri kwanza, angalia kwa karibu. Manyoya yakiwa yamezunguka mzizi mpya peke yake, mafupi na yaliyopangika sawasawa, hizo ni nywele za mzizi, ni habari njema. Yakiwa yametanda juu ya mbegu au kuruka hadi kwenye makumbi kama nyuzi zisizo na mpangilio, huo ni ukungu. Toa mbegu hiyo, ibonyeze. Ikiwa bado ngumu, isafishe upya na uipande kwenye chombo kingine. Ikiwa imelainika, itupe.

Swali: Nimeona mbegu za monstera yenye majani ya bluu zinauzwa mtandaoni. Ni za kweli?

Jibu: Hapana, dada. Hakuna monstera ya bluu wala ya zambarau, hizo ni picha zilizopakwa rangi. Ongezea na zile za mabaka meupe: mabaka mengi tunayoyapenda hutokana na tishu za mmea kuchanganyika, seli zenye kijani na zisizo nacho, na hali hiyo hairithiwi kwa uhakika kupitia mbegu. Mmea wa namna hiyo nunua kipandikizi. Linaniuma jambo hili, kwa sababu anayedanganywa mara ya kwanza huacha kabisa kuotesha.

Swali: Miche yangu imeota vizuri, halafu ikaanguka chini ikiwa myembamba kwenye shina.

Jibu: Hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche karibu na udongo. Iliyoanguka haiponi. Iondoe pamoja na mchanganyiko unaoizunguka, punguza maji, ongeza hewa. Wakati mwingine panda kwa nafasi kubwa zaidi.

Swali: Monstera ya ndani imetoa ua. Naweza kupata mbegu zangu mwenyewe?

Jibu: Unaweza, ukiwa na subira. Ua lina sehemu za kike na za kiume kwenye gunzi moja, lakini za kike huwa tayari kwanza, kisha chavua hutoka. Ndiyo maana watu huchukua chavua ya ua moja kwa brashi laini na kuipaka kwenye ua jingine lililo katika hatua ya kike. Tunda huchukua mwaka au zaidi kuiva. Usiling'ate likiwa bichi, litakuwasha kinywa na koo.

Swali: Kaka, mche wangu wa monstera unatambaa kuelekea kona yenye giza. Nimekosea mwanga?

Jibu: Hujakosea. Mwaka 1975 Donald Strong na Thomas Ray walieleza tabia hiyo kwa miche ya aina moja ya monstera huko Kosta Rika: mche hufuata giza kwa sababu msituni giza hilo huwa ni shina la mti wa kupandia. Upe mche kijiti chenye unyevu ukiparamie. Na majani hayo ya kwanza hayatakuwa na matundu. Hayo huja mmea ukikomaa.