Namna ya kuchimbua asili ya kikosi maalumu cha nchi ndogo

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo Kilindini, na hadi leo kila kitu nakisoma kama shehena: imetoka wapi, nani kaipakia, imeteremshwa wapi. Vijana wa baraza letu hapa Mji wa Kale wakianza kubishana juu ya makomando, wao huanzia bunduki. Weka bunduki kando. Chukua daftari, piga safu tatu.

Ya kwanza, jeraha. Nchi ndogo haina fedha wala vijana wa kuchezea. Mara nyingi husubiri mpaka iumwe. Tazama Singapore. Tarehe 31 Januari 1974 watu wanne walishambulia kiwanda cha mafuta cha Pulau Bukom, kisha wakaiteka feri iitwayo Laju na mabaharia wake. Sisi wa kuvuka Likoni kila siku hatuhitaji kuelezwa hofu ya jambo hilo. Mazungumzo yakachukua siku 8, mwisho watekaji wakapelekwa Kuwait kwa ndege, na maofisa 13 wa Singapore wakapanda nao kuwa dhamana. Aliyewaongoza maofisa hao, S. R. Nathan, alikuja kuwa rais. Hakufa mtu, ila fedheha ilibaki. Mwaka 1984 wakaunda kikosi chao.

Ya pili, mwalimu. Hapa andika haraka. Wabelgiji walianzia Uingereza mwaka 1942, kwao kumekaliwa na Wajerumani. Ireland ilituma maofisa wakasomee Marekani, kikosi chake kikazaliwa 1980. Kwa Jægerkorpset, kikosi maalumu cha jeshi la Denmark, utakuta miaka miwili ya kuzaliwa, 1785 na 1961. Andika yote, lakini hesabu wa pili: ni dau jipya lililopewa jina la dau la babu.

Ya tatu, kazi iliyoonekana. Singapore, alfajiri ya 27 Machi 1991: ndege ya abiria SQ117, iliyokuwa imetekwa, ilikombolewa kwa sekunde 30 hivi, watekaji wote wanne wakauawa, abiria wakatoka hai. Wazamiaji wa Denmark, kikosi kilichoundwa 1957, waliipanda meli Ariella katika Ghuba ya Aden Februari 2010, ikiwa imevamiwa na maharamia, wakawaokoa mabaharia 25. Miaka ile kesi za maharamia zikisikizwa papa hapa Mombasa, nasi tukizijadili hata kahawa ikapoa.

Safu hii ikikosa la kuandikwa, usiijaze kwa porojo za barazani. Kazi nyingi za watu hawa hufichwa. Iache nyeupe, ufungue ukurasa wa nchi nyingine.