Somo: Kumlisha ndege mvumaji mkononi

Ndugu zangu mnaoishi mashariki mwa Marekani, Agosti hadi katikati ya Septemba ndiyo nafasi yenu. Ndege mvumaji mwenye koo jekundu, yule ndege mdogo sana anayekunywa nekta (kwa Kiingereza hummingbird), hula mchana kutwa ili anenepe kabla ya safari ya Meksiko na Amerika ya Kati, na wengi huvuka Ghuba ya Meksiko bila kutua popote. Makinda wa mwaka huu nao wameshatoka viotani, na hawajajifunza kumwogopa mtu kama wakubwa wao.

Tuanze na chakula. Kikombe 1 cha sukari nyeupe ya kawaida, vikombe 4 vya maji. Koroga mpaka iyeyuke, acha ipoe, utie kwenye chombo cha kulishia ndege, basi. Asali usitie, kwa sababu ikishachanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha kuvu. Sukari guru na sukari ya kahawia zina madini ya chuma yasiyomfaa. Rangi nyekundu haina kazi. Wekundu wa chombo chenyewe unatosha kumwita.

Usafi naomba muupe uzito kuliko hatua nyingine yoyote. Siku za joto mwaga maji hayo kila baada ya siku 2, usugue chombo kwa brashi na maji ya moto, hasa kwenye vile vitundu vya kunywea. Ukiona maji yametibuka au kuna doa jeusi, usingoje kesho. Kama zamu zako za kazi hazikupi muda wa kuosha, panda maua kama lobelia nyekundu au monarda. Ndege atakuja vilevile, na hatadhurika.

Tundika chombo penye kivuli, mbali na paka. Ndege wakishazoea, weka kiti hatua chache kutoka hapo, ukae kimya kila asubuhi, kisha usogeze kiti kidogokidogo. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Usiinue mkono mpaka wawe wanakunywa juu ya kichwa chako bila kukujali.

Siku hiyo ikifika, amka mapema. Usiku mvumaji anaweza kushusha sana joto la mwili ili asimalize nguvu, kwa hiyo alfajiri huwa na njaa kali. Ondoa vyombo vyote, shika kimoja kidogo kiganjani, kiwiko kikiegemea mkono wa kiti ili usichoke. Atakuja, atasimama hewani mbele ya uso wako, ataondoka, atarudi. Usitikisike. Mbawa zake hupiga mara 50 hivi kwa sekunde, na upepo wake utauhisi vidoleni. Akitua, huenda usisikie uzito wowote, maana ana gramu 3 tu. Kamwe usifunge vidole: kumkamata ni kosa chini ya sheria ya Marekani ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Nusu saa ikipita bila kuja, rudisha vyombo ale.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka, kuna dume mmoja anawafukuza wenzake wote. Nifanyeje?
Tundika chombo cha pili upande mwingine wa nyumba, asikoweza kukiona. Hawezi kulinda pande mbili kwa wakati mmoja.

Nikiendelea kuwalisha Oktoba, si watasahau kuhama na kufa kwa baridi?
Hapana, dada. Kufupika kwa mchana ndiko kunakowaambia waondoke. Acha chombo wiki 2 baada ya kumwona wa mwisho, maana wapo wanaochelewa kutoka kaskazini.

Sisimizi wamejaa kwenye chombo. Nipulize dawa?
Tafadhali usipulize. Mvumaji hula pia wadudu wadogo na buibui, maana sukari haina protini. Weka kikombe kidogo cha maji juu ya chombo, kwenye ndoano, sisimizi hawavuki.

Mimi niko Morogoro. Naweza kuwapata?
Wavumaji wako Amerika peke yake, ndugu yangu. Ila una ndege aitwaye chozi, naye hunywa nekta. Tofauti ni kwamba chozi hupenda kutua anapokula, hivyo ukitundika chombo kifungie kijiti cha kusimamia. Kumlisha mkononi sikushauri uanze nako. Otesha mshubiri karibu na dirisha, na kama una mgomba unaotoa ua, kaa upande ule asubuhi.