Utakatifu wa Jumatatu mpaka Jumamosi: anza na kitu unachokishika mkononi

Bwana asifiwe wapendwa. Wengi tukisikia utakatifu tunawaza mavazi, kufunga na mikesha, na hayo sio mabaya, lakini hebu fungua Walawi 19 usome taratibu. Mungu anasema iweni watakatifu kwa kuwa mimi ni mtakatifu, alafu hapo hapo anaingia shambani, uache pembeni maskini aokote, anaingia kwenye ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, anagusa umbea, ukifika mstari wa 36 anashika mizani. Mimi nauza maharage sokoni na huo mstari ulinibana kweli.

Nilikuwa na kopo la kupimia, kitako kimegongwa kikaingia ndani, ukijaza juu linafurika mpaka mteja anaona umempendelea, kumbe chini pameliwa kama kiganja kizima. Nilikuwa najiambia kila mtu hapa analo, na jumapili naimba kwaya vizuri tu.

Kwahiyo usianze kwa kuomba "Bwana nitakase" ya jumla jumla. Chukua kitu kimoja unachokishika kila siku, mwambie Roho Mtakatifu akuonyeshe hapa pakoje. Kwa konda ni chenji, kwa fundi cherehani ni kitambaa kilichobaki, wewe wa ofisini labda ni risiti za safari. Atakuonyesha, na saa ingine atakuonyesha haraka kuliko ulivyotaka.

Ukishaonyeshwa, taja dhambi kwa jina lake. "Nisamehe mapungufu" inaficha, mimi nilisema Baba nimeiba kwa kopo. Neema ipo, hatuokolewi kwa kopo zuri, Waefeso 2 iko wazi, ila mstari wa 10 unasema tumeumbwa tutende matendo mema.

Alafu rudisha. Hapa ndo wengi tunakwama. Wazee wa ule uamsho wa kiroho uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaenda Uganda, Kenya na huku kwetu upande wa Bukoba, walijulikana kwa hili, mtu akiokoka anabeba alichoiba anakirudisha kwa mwenyewe na anaungama mbele ya wenzake kwenye ushirika, wakaita kutembea nuruni, ni 1 Yohana 1:7. Mimi wateja wote siwezi kuwapata, ila kuna mama ntilie nilimpimia miaka, nikampelekea kilo kumi nikamwambia ukweli wote, mikono inatetemeka. Alikaa kimya muda mrefu, akachota maji akaniletea nikanywa. Sijui niwaelezeje yale maji.

Mengine ni ya haraka tu. Dada wa kazi mlipe tarehe mliyokubaliana, hela ikiingia kwenye simu yako kimakosa rudisha kabla hujaanza kuipangia matumizi, na ukitaka kuforwad habari ya mtu kwenye grupu jiulize yeye angekuwemo ungeituma?

Utaanguka, Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba akainuka, kwahiyo usikae chini. Tafuta mtu mmoja anayempenda Yesu umpe ruhusa ya kukuuliza. Mimi ni shemeji yangu, kila ijumaa jioni ananipigia, tukimaliza salamu ananiuliza wiki hii umepimaje, na lazima nijibu kabla hajakata simu.